Bonyeza Kitufe Chochote

3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Daktari ndiye aliyenituma: kila siku niandike Shangazi amekula nini, amelala vipi, amesema nini. Hayo ni rahisi. Amekula uji. Amelala. Amesema "kesho."

Tangu kiharusi kimpige, hilo ndilo neno pekee lililobaki mdomoni mwake. Ukimuuliza kama ana njaa, kesho. Kama anasikia baridi, kesho. Mama Redio, jirani yetu anayenishikia zamu nikienda sokoni, anasema Shangazi angefaa kuwa fundi cherehani.

Karatasi hizi nimezitoa darasani, zile ndefu za printa zenye matundu pembeni. Darasa ni chumba cha mbele cha nyumba hii. Shangazi, dada yake baba, alitulea humu mimi na Kaka wazazi walipofariki, na humu humu alifundisha kompyuta mtaa mzima. Hakuolewa, watu walisema ameolewa na mashine. Vilipokuja vipanya na picha za rangi wanafunzi wakahamia kwingine. Yeye akasema hafugi panya, akazifunika mashine zake kwa vitambaa alivyoshona mwenyewe, akafunga mlango. Sasa ngazi hawezi tena, kwa hiyo analala katika iliyokuwa ofisi ya mapokezi, ukuta mmoja na darasa.

Mpango ni huu. Mvua zikiisha na barabara ikipitika, Kaka atakuja na gari. Shangazi atakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hapa patauzwa, na mimi nitarudi kazini kwangu posta kabla likizo haijaisha. Nimekubali. Nimechoka, na sioni aibu kuliandika.

5 Machi

Mvua. Uji. Kesho.

8 Machi

Umeme ulikatika asubuhi ukarudi alasiri, na uliporudi nilisikia kitu kikiunguruma upande wa darasani. Nilijiambia ni jokofu. Jokofu liko upande wa pili wa nyumba.

Meza ya mwalimu ndiyo iliyokuwa hai. Kitambaa chake kilikuwa kimeondolewa, kimekunjwa pembetatu na kuwekwa kitini. Skrini ilitoa ule mwanga wake wa rangi ya chungwa, na kwa giza la mawingu chumba kizima kilikuwa cha rangi hiyo. Imeandikwa:

NIPO.
BONYEZA KITUFE CHOCHOTE.

Chini yake kijistari kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Nilisimama nikikitazama mpaka nikagundua kwamba ninapumua nacho. Nikanyoosha mkono ubavuni mwa mashine, nikaizima kwa ile swichi nyekundu.

Mara ilipozimika nilisikia kichwani mwangu: "Mikono mezani." Ndiyo ilikuwa amri ya Shangazi mtu akigusa swichi kabla ya wakati. Kaka ndiye aliyeisababisha. Hakuwa na subira hata chembe. Mashine ikikawia kidogo, anazima, anawasha, anazima. Shangazi akambandika jina la Haraka, na darasa zima likamwita hivyo mpaka akaota ndevu. Mimi nilikuwa Mdogo tu, na nilikuwa mwanafunzi wa mkia.

Kinachonisumbua ni kimoja. Miaka yote ile mashine hiyo ikiwashwa iliandika KARIBU CHUONI. Nayakumbuka maneno hayo kama ninavyolikumbuka jina langu.

11 Machi

Tena. Umeme umerudi, na lile neno NIPO. Nimezima bila kukaa chini.

15 Machi

Nimempigia Kaka simu. Amesema diski zile ni za kale, zimeingia ukungu, zinatapika chochote. "Ni mashine, dada. Inasema ilichoandikiwa."

Nikamuuliza nani aliyeiandikia. Akaniuliza kama ninapata usingizi.

19 Machi

Paa la darasa linavuja. Leo sakafu ilikuwa na utando wa maji, na kwenye maji hayo nimeona alama. Upande mmoja ni wayo, wa mtu kama mimi na wewe. Upande wa pili hakuna wayo. Kuna mfuo mrefu, kama wa gunia lililoburutwa. Alama zinatoka kona ya nyuma, zinafika meza ya mwalimu, zinarudi.

Nimepiga sakafu deki mara mbili. Nimefunga mlango wa ukumbini na ufunguo uko mfukoni mwangu.

20 Machi

Mama Redio ameapa kwamba Shangazi hakunyanyuka kitini tangu nilipotoka. Yeye mwenyewe haendi kule darasani, hata ukimwekea chai huko. Mtu anayeniita mimi nimbadilishie betri za redio hawezi kuandikia mashine kitu.

21 Machi

Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo uko kwangu. NIPO.

Nimezima nikatoka kinyumenyume, mtu mzima mimi, mwenye mvi.

27 Machi

Mvua ya leo ilikuja na upepo. Adhuhuri ikawa giza kama magharibi, umeme ukaenda ukarudi, na nikasikia ule muungurumo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye swichi. Nadhani ni hasira zilizonigeuza: nimechoka kuogopa kitu nisichokiona. Nikapiga kitufe cha katikati ya kibodi kwa kiganja.

Ikaandika:

MVUA.

Nikapiga tena.

DIRISHA.

Tena.

TATU.

Nikahesabu madirisha kutoka mlangoni. La tatu kioo kimepasuka, nyuma ya kabati, mahali usipoweza kuona ukiwa umesimama. Maji yalikuwa yanateremka ukutani kama bomba lililoachwa wazi, na chini yake ndipo ilipo soketi inayolisha meza zote. Yalikuwa yamebakiza upana wa vidole viwili kuifikia.

Nilikimbia kuzima umeme wa nyumba nzima. Kisha nikaenda kukaa kitandani kwa Shangazi, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Yeye alikuwa kitini, uso dirishani kama siku zote, mkono wa kulia umelala pajani. Nikamwambia nyumba yake ina kitu. "Kesho," akasema.

28 Machi

Mafundi wameziba dirisha. Nami nimekaa mbele ya mashine mchana kutwa, mikono mezani, mpaka nikakumbuka.

Shangazi alifundisha hivi: usiiamrishe mashine neno moja moja kama mtoto anayetumwa dukani. Iandikie amri zako zote katika faili, moja chini ya nyingine, uipe ifuate. ECHO, inasema. PAUSE, inasubiri. IF EXIST, inaangalia kama kitu kipo. GOTO, inakwenda unakoituma. Na kuna faili moja ambalo inalisoma yenyewe kila inapoamka. Nilikuwa nimelisahau neno la kulifungulia. Vidole havikusahau. Viliandika TYPE kabla yangu, na faili likajimwaga kwenye skrini:

@ECHO OFF
REM
CLS
IF EXIST MIMI ECHO NIPO.
ECHO BONYEZA KITUFE CHOCHOTE.
PAUSE > NUL
ECHO MVUA.
PAUSE > NUL

Na kadhalika hadi TATU. Ile alama ya NUL ni ya Shangazi. Mashine ikisubiri husema maneno yake ya Kiingereza, na yeye alikuwa anayatupa shimoni, anaweka ya kwetu.

REM ni mstari ambao mashine huuruka. Ni wa binadamu. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kila faili lianze na REM na jina la mwandishi. Hapa kuna REM, halafu wazi, kama mtu aliyeulizwa jina akanyamaza.

2 Aprili

Siku tatu sasa naandika mafaili ya mchezo. Moja linanipigia mlio, jingine linaniuliza kama nimeosha vyombo na halikubali hapana. Sikujua kwamba nilikuwa na hamu ya kitu hiki. Nilicheka peke yangu darasani, kisha nikanyamaza, maana sikuwa na uhakika kwamba niko peke yangu.

6 Aprili

Nimerudi sokoni nikaenda mbio kwenye mashine hata kabla ya kuvua koti. Nikaiambia inionyeshe mafaili yote. Mbali na yale ya zamani kuna mapya, na kila moja lina nukta moja tu ndani: MIMI. REDIO. MVUA. MGENI.

Nikaenda kumuaga Mama Redio, nikamtengenezea Shangazi chai, nikarudi baada ya kuosha bakuli. REDIO halikuwepo tena. Mahali pake: MDOGO.

Mtu huyu, au kitu hiki, kinaandikisha aliyemo ndani ya nyumba. Nikitoka kinanifuta, nikirudi kinaniweka. Nywele zilinisimama. Nikatazama tena lile MGENI, nikajiambia hapo angalau kimekosea.

Saa kumi hodi. Mwanamume mwenye viatu safi, na mvua yote ile. Amesema Kaka amemwambia nyumba inauzwa, naye anataka kufungua duka la vigae, basi alikuwa anapita tu akaona atupe jicho. Hakuna aliyejua kwamba anakuja. Nimempigia Kaka kuhakikisha, naye hakujua.

9 Aprili

Kaka ameuliza kwa upole, na upole wake ndio uliouma: je, si mimi ninayeandika? Uchovu hufanya mambo. Mtu anaweza kuamka, akafanya jambo, asikumbuke.

Nimezitazama nyayo zangu zote mbili. Nimejikuta najaribu kuburuta mguu mmoja kwenye sakafu ya darasa, kuona alama inayotoka. Siku moja tena ya hivi nitaomba kitanda cha pili kule kwa wazee.

13 Aprili

Soko lilikuwa limejaa maji, nikageuza njiani. Nimeingia kwa mlango wa uani. Mama Redio amelala fofofo, redio mapajani inatangaza mpira. Kiti cha Shangazi kitupu.

Nyuma ya kitanda chake kuna pazia. Nyuma ya pazia kuna mlango mdogo unaoingia darasani, ambao wanafunzi walipitia kulipa ada. Niliishi katika nyumba hii miaka yote ya utoto wangu, na wiki zote hizi nimefunga mlango wa ukumbini na kuusahau ule. Ulikuwa wazi.

Alikuwa amekaa kwenye meza ya mwalimu, amenipa kisogo. Mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichopewa ashike. Wa kushoto ulikuwa unaandika. Si mkono ule ninaousaidia kushika kikombe. Ulikwenda, ukasimama, ukapapasa, ukaenda. Alikosea herufi, na kwa njia anayotumia ukishaupita mstari wenye kosa huwezi kuurudia. Unaanza faili upya kutoka juu. Akaanza upya kutoka juu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba asingenisikia hata kama ningepiga kelele.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilichosikia kwanza ni hofu, kali kuliko ya siku zote zile, kwa sababu mwezi mzima nimezungumza mbele yake kama unavyozungumza mbele ya kabati. Nimesema nimechoka naye. Nimeutaja mpango wa kumhamisha. Nimemwambia Kaka kwa simu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, kwamba hata akiondoka hatajua.

Aligeuka akaniona. "Kesho," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazi.

14 Aprili

Nimempa kalamu, akachora mistari isiyo na maana. Nimemwambia aandike jina lake kwenye kibodi, vidole vikaganda. Lakini akianza na ECHO, neno linakuja lenyewe, kama vile amri inamshika mkono na kumvusha. Amewafundisha watu amri zile maelfu ya mara. Kiharusi kilibeba kila kitu, kikaacha hizo.

Na baada ya kila neno anaweka PAUSE. Anasubiri mtu. Siku ya kwanza nilipozima, nini kilikuwa chini ya NIPO? Sitajua kamwe, ameshaandika juu yake. Nilikuwa namziba mdomo kwa kidole kimoja, kila umeme uliporudi.

Nimelia jikoni. Kisha nikampelekea uji, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kama una sukari ya kutosha, nikakaa nikingoja. Alasiri mashine ikajibu: CHUMVI.

18 Aprili

Uji wenye chumvi. Amekula bakuli mbili.

Nimemuuliza alijuaje kuhusu mgeni. Ameniangalia muda mrefu na jicho lake zima, akaenda kitandani. Nimeamua kutouliza tena.

22 Aprili

Daktari amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayepeleka mtoto kwenye mtihani, na dakika ile alipokunja mwavuli umeme ukakatika.

Alimuuliza leo ni siku gani. Kesho. Jina la mpwa wake. Kesho. Anyanyue mkono ikiwa anaelewa, hakunyanyua. Namjua Shangazi, hakupenda kuamrishwa na mtu ambaye yeye angeweza kumfundisha kusoma. Nilimwomba Daktari angoje umeme, nikamweleza yote, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikifanana na wale watu wanaoona nyuso kwenye mawingu. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia ndugu wengi hupata matumaini ya namna hiyo. Kisha akasema, amesimama palepale kando ya kiti chake:

"Nyumba ipo. Mwenye nyumba hayupo."

23 Aprili

Skrini nyeusi. Hakuna NIPO. Mashine inaamka, inaguna, inakaa kimya na kijistari chake.

Faili liko palepale, na lina mstari mmoja tu: IF EXIST MIMI ECHO NIPO. Nikaita orodha. MDOGO, MVUA. MIMI halipo. Amejifuta.

Nilikwenda chumbani nikamkuta ameelekea ukutani. Hakutaka uji wa chumvi wala wa sukari. Nikamwita. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Hakusema hata kesho. Neno lile limenichosha tangu siku niliyofika, na leo nilipiga magoti kando ya kitanda nikimbembeleza alitamke.

24 Aprili

Nimeliunda tena kwa amri ya COPY CON MIMI, nukta moja, nikahifadhi. Nikawasha. NIPO, ikasema mashine, na lilinitia baridi kuliko siku zote, kwa sababu safari hii nilijua ni uongo wangu.

25 Aprili

Amelifuta.

26 Aprili

Nimeliandika.

27 Aprili

Amelifuta. Kwa hiyo anaamka, anaburuta mguu hadi kule, anajifuta, anarudi kulala. Hali chochote. Wayo na mfuo, wayo na mfuo.

29 Aprili

Nimeacha kubishana naye. Nimeandika faili langu mwenyewe, nikaliacha kwenye meza ya mwalimu likiwa wazi. REM MDOGO, kama sheria inavyosema. Nilitaka liseme SHANGAZI NJOO ULE, lisubiri, lirudi mwanzo, liseme tena bila kuchoka, maana mimi nilikuwa nimechoka. Limesema mara moja likafa. Mashine inadai nimeituma mahali ambapo hapapo. Nimehangaika nalo mpaka kichwa kikauma. Nililala nikiwa nimeshindwa kila upande.

30 Aprili

Asubuhi nimewasha. SHANGAZI NJOO ULE. Nikabonyeza. SHANGAZI NJOO ULE. Nikabonyeza. Linazunguka.

Nikalifungua. Nilikuwa nimeandika GOTO RUDI, na sikuwa nimeweka RUDI popote. Ameliandika faili zima upya kwa mkono wake mmoja, herufi kwa herufi, na juu, mahali panapostahili, ameweka mstari niliousahau:

:RUDI

Hajala siku kadhaa, hataki dunia, lakini kosa la mwanafunzi hakuweza kuliacha lilivyo. Nikaita orodha, na roho ikiwa mkononi. MDOGO. MVUA. MIMI.

Nilimkuta ameshakaa kitini. "Kesho," akasema, akanyoosha kidevu kuelekea jikoni.

6 Mei

Nimemwambia Kaka kwamba Shangazi haendi popote. Akasema maamuzi hayafanywi na mtu mmoja aliyejifungia na mvua. Akasema, bila ukali, kwamba nikitaka kumthibitishia basi mashine iseme kitu ambacho mimi sikijui. Lakini kila alichokijua Shangazi, na mimi nilikijua. Tuliishi katika nyumba moja sote.

Anakuja tarehe kumi na saba, na gari, na mwenye vigae. Shangazi alikuwa nyuma yangu nilipokuwa naongea. Safari hii nilijua kwamba anasikia, na sikutoka nje.

12 Mei

Nimemsihi aandike kitu kwa ajili ya Kaka. Kila asubuhi meza ya mwalimu ni NIPO, basi. Nikimkumbusha, ananitazama kana kwamba nimeuliza swali la darasa la jana.

16 Mei

Mvua zinakatika. Nimefunga begi lake, nimelifungua, nimelifunga.

17 Mei

Walifika saa tano. Kaka ameongezeka mwili na ndevu zina mvi. Alimbusu Shangazi kwenye paji la uso, akakwepa kumtazama machoni. Mwenye vigae akatoa futi yake akaanza kupima darasa. Umeme haukuwepo tangu alfajiri. Nilisimama mbele ya meza ya mwalimu iliyokufa, naeleza, na nilisikia sauti yangu ikipanda. Kaka alinishika bega.

"Mdogo wangu," akasema, "umefanya kazi kubwa. Sasa pumzika."

Hapo umeme ukarudi.

Meza ya mwalimu haikuwaka. Kilichounguruma kilikuwa nyuma yetu, kando ya mlango, kwenye meza ambayo hakuna aliyeigusa tangu Kaka ahame nyumba hii. Kitambaa chake kilikuwa kimekunjwa pembetatu. Naapa kwamba jana nilipofagia kilikuwa kimetandazwa. Diski ikasaga, ikasaga, mashine ikapiga mlio wake mmoja, na mwanga wa rangi ya chungwa ukaja polepole.

HARAKA.
BONYEZA KITUFE CHOCHOTE.

Mwenye vigae akauliza kama kuna tatizo. Kaka alinigeukia na uso uliokuwa na hasira juu na woga chini. Jina hilo na mimi nalijua. Alijua kwamba nalijua. Akapiga hatua mbili na mkono wake ukaenda ubavuni mwa mashine, kwenye swichi nyekundu, kama ulivyokuwa ukienda siku zote.

"Mikono mezani."

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa ile iliyokuwa ikisikika mpaka barabarani, kavu, haina haraka. Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango mdogo wa ada, pazia begani, amejishika fremu kwa mkono wa kushoto.

Kaka akakaa. Mtu mzima, baba wa watoto, alivuta kile kiti kidogo akakaa, akaweka viganja vyote viwili mezani. Hata mwenye vigae alitoa mkono mfukoni. Mimi nilikuwa nabubujikwa na machozi bila kujua yalianza lini.

Kisha Kaka akanyanyua kidole kimoja, akabonyeza.

NIPO.

Akabonyeza.

SIENDI.

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ameshindwa kuendelea. Kijistari kikawaka, kikazima, kikawaka, na safari hii aliingoja mashine muda mrefu kuliko alivyowahi kungoja kitu chochote maishani mwake. Akabonyeza.

UMEKULA?

"Bado, Shangazi," akasema Kaka.

"Kesho," akasema Shangazi, akaonyesha jikoni kwa kidevu.

18 Mei

Mwenye vigae aliondoka jana bila kunywa chai. Kaka ameondoka leo. Amesema atapiga simu kule kwa wazee kufuta nafasi, na kwamba ana kazi zimemrundikia, hatutamwona mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nimeandika barua ya kuomba uhamisho kuja posta ya hapa. Begi nimelitupa juu ya kabati.

24 Mei

Jua siku nzima. Tumetoa vitambaa vyote nje tukavianika. Nimewasha meza ya mwalimu kama kawaida.

NIPO.
MDOGO YUPO.
HARAKA.
KESHO.

Nimecheka. Kaka amepiga simu juzi tu, yuko mbali, hana habari ya kuja. Nimemwambia Shangazi kwamba neno lake limeanza kumponyoka hata kwenye mashine. Hakucheka.

25 Mei

Asubuhi, kabla ya chai, nimesikia gari likisimama. Kaka yuko mlangoni na mfuko mdogo wa nguo. Amesema usiku hakupata usingizi, akaona aje. Hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe amemwachia ujumbe. Ameniomba nisimuulize zaidi.

Nilipompeleka darasani kumsalimia Shangazi, ile meza ya kando ya mlango ilikuwa imewashwa, na kiti kidogo kimeshavutwa nyuma.